Mguu umeteguka, na mwenzio mgonjwa

Ndugu msomaji unayekimbia njia za mawe huko Mudhaibi: ukiteguka kifundo cha mguu huku unamuuguza mke au mume, usiseme "wangu si kitu". Ukishindwa kutembea hatua 4, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Kama huna dalili hizo, siku 2 au 3 za mwanzo funga bendeji, inua mguu, weka barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15. Kumnyanyua mgonjwa mwachie mtu mwengine; mguu ukikulegea mtaanguka nyote wawili. Maumivu yakipungua, simama kwa mguu ulioumia sekunde 30 kila siku, umeshika ukuta karibu na kitanda chake. Usirudi mbioni mpaka uweze kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu. Mola awaponye.