Kutoka Ntumbachushi hadi Mofwe kwa miguu

NILIKUWA na umri wa miaka minane tulipokimbilia Zambia, Desemba 2000, Pweto ilipotekwa. Tulipelekwa kambi ya Kala, karibu na Kawambwa, mbali na ziwa tulilolizoea. Mama alikuwa akituambia kila jioni kwamba ukifika ukingo wa milima ya magharibi unaona bonde, bondeni maji, na ng'ambo ya maji Kongo. Tulirudi kwetu mwaka 2008 bila mimi kufika ukingo huo. Kusema kweli, nilidhani mama alikuwa akituliza njaa.

Ndiyo maana mwishoni mwa Julai, Umutomboko ilipomalizika Mwansabombwe, sikurudi Kashikishi na mizigo yangu. Tulikuwa 11, wengi wafanyabiashara wa chisense, na nusu yetu watoto wa Kala. Saa 12 asubuhi gari lilitupandisha hadi maporomoko ya Ntumbachushi, ambako Mto Ngona unaanguka kama mita 30, tukaanza kushuka nyuma ya kijana mwenyeji.

Baridi ya Julai haina utani. Lakini ilipofika saa tatu makoti yote yalikuwa viunoni. Njia ni nyembamba, ya mawe, mara inapanda tena pale unapodhani umemaliza. Msomaji, ukienda, chukua maji mengi na usivae kandambili kama mimi.

Ukingoni tulifika saa sita. Bonde lilikuwa limejaa moshi wa nyasi zilizochomwa, weupe mtupu hadi mwisho wa macho. Hakuna maji, hakuna Kongo. Nilikaa chini nikala muhogo wangu bila kusema neno.

Tulipoanza mteremko mkali, mzee wetu, mwenye miaka 67, aligoma kwa goti. Wanne walitaka tumwache na yule kijana, sisi tuwahi gari la Nchelenge, maana kesho yake ilikuwa siku ya soko. Hoja haikuwa mbaya. Samaki hawamngojei mtu. Mzee mwenyewe akasema, "Nendeni, wanangu, nitafika."

Mama mmoja wa Kashikishi akatua kikapu chake.

"Mzee, hapa hatumwachi mtu. Mwaka ule tuliacha."

Hakueleza, wala hakuna aliyeuliza. Wote wa Kala tuliangalia chini. Wale wanne nao walitua mizigo.

Tukamfunga goti kwa kitenge, tukawa tunamshusha kwa zamu, hatua 20 na kupumzika. Gari tulilikosa, na mimi nilipoteza mauzo ya siku nzima. Ila saa kumi na nusu, tukiwa bado katikati ya mteremko, jua lilishuka chini ya moshi na kitu kikawaka kule bondeni, chembamba kama bati jipya.

"Mofwe," kijana akasema.

Si Ziwa Mweru lenyewe. Ni lile ziwa dogo la kando ya mji wa Mwata Kazembe, ambako Livingstone alifika mwaka 1867. Ng'ambo yake sikuona kitu. Mtandao ulikuwepo, nikampigia mama Pweto.

"Umeona maji?"

"Nimeona, mama. Kongo sijaiona, kuna moshi."

Alinyamaza kidogo. "Sisi tulikuwa tunapanda mvua ikishanyesha," akasema. "Mzee mliyenaye amekula?"