Mihogo Michungu: Usipunguze Siku za Maji

Wewe mlimaji, na wewe mama mwenye kupika, soma maneno haya polepole. Ukiisha kuyasoma, uwasomee na wale wasiojua kusoma, maana ni maneno ya miguu ya watoto wenu.

1. Muhogo ni ghala ndani ya udongo

Muhogo haukuwa mti wa Kongo tangu mwanzo. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta katika karne ya 16. Wazee wa kale waliupokea vizuri kwa sababu waliona faida yake. Mvua ikikatika, mahindi yanakauka. Muhogo unaangusha majani yake, unangoja, na mvua ikirudi unachipuka tena. Mahindi yakikomaa lazima uyavune. Muhogo unaweza kukaa udongoni mwaka mmoja na zaidi. Nzige wakila majani, mizizi inabaki. Kwa hiyo mtu mwenye shamba la mihogo ana ghala isiyohitaji mlango.

Kuna mihogo mitamu na mihogo michungu. Watu wengi wanapenda kupanda ile michungu, nao hawakosi akili. Nguruwe wa mwitu, nyani na panya hawaipendi sana, na mwizi hawezi kuing'oa na kuila palepale. Basi hatukuambii uache mihogo michungu. Tunakuambia ujue kazi yake, na usiipunguze kazi hiyo hata siku moja.

2. Sumu inatoka wapi?

Ndani ya muzizi wa muhogo mna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali, kama watu wawili katika vyumba viwili. Kimoja kinaficha sumu ndani yake. Cha pili ni kama ufunguo wa kuifungua. Muzizi ukiwa mzima, havikutani. Ukiutwanga, ukiukwaruza, au ukiutia majini mpaka ulainike, kuta za vyumba zinavunjika, ufunguo unafungua, na sumu inatoka. Nyingine inakwenda na maji, nyingine inakwenda na upepo.

Sasa fahamu neno hili: moto peke yake hautoshi. Ukipika muhogo mchungu mzima, moto unaharibu ufunguo upesi, lakini sumu iliyofichwa inabaki. Chakula kinaiva, kinanukia vizuri, na sumu imo ndani.

Jua tena ya kuwa wakati wa jua kali, mvua zikikosa, sumu inazidi katika mihogo. Shamba lililokuwa na mihogo ya kiasi mwaka jana linaweza kutoa mihogo michungu sana mwaka huu. Usitegemee rangi ya shina wala umbo la jani.

3. Ugonjwa unaofunga miguu

Katika nchi ya Kwango, magaribi ya Kongo, Wayaka wana jina la ugonjwa mmoja: konzo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka wa 1938. Mtoto analala mzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu yote miwili imekakamaa. Akitembea, anakanyaga kwa vidole, na magoti yanapishana. Wengine wanatembea kwa fimbo, wengine wanatambaa. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Konzo hauambukizi. Kulala nyumba moja na mgonjwa hakuleti ugonjwa. Wala si ulozi. Jirani asisingiziwe. Ugonjwa unakuja pale watu wanapokula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, siku nyingi, bila maharagi, samaki wala nyama. Na hakuna dawa ya kuirudisha miguu kama ilivyokuwa. Ndiyo sababu tunasema juu ya kuzuia.

Usifikiri ni habari ya Kwango tu. Mwaka wa 1981, jua lilipokausha mashamba ya Nampula katika Msumbiji, watu zaidi ya 1000 walipatwa. Na mwaka wa 2011 waganga waliandika ya kuwa konzo umetokea katika Kivu ya Kusini pia, nchi iliyoumizwa na vita.

4. Kwa nini watu wanapunguza kazi?

Wanawake wa zamani walijua kazi hii kuliko sisi. Walitia mihogo majini siku tatu, nne, mpaka imelainika. Basi ni nini kilichoharibika? Ni haraka.

Katika Bandundu, barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipofika katika miaka ya 1970, magari yalikuja kutafuta mihogo. Fedha ilikuwa nzuri. Lakini aliyetia mihogo majini siku moja tu aliwahi gari kuliko jirani yake wa siku tatu. Hivyo siku zikapunguka, na konzo ukazidi.

Haraka ya pili ni njaa: akiba imekwisha, watoto wanalia, mama anang'oa leo apike kesho. Haraka ya tatu ni vita: watu wanakimbia, wanarudi usiku kuchukua mihogo, hawapati nafasi ya kukaa karibu na mto. Haraka ya nne ni kukosa maji: kisima ni mbali, maji ya kunywa yenyewe ni shida. Hatuwalaumu watu hawa. Lakini sumu haijui shida za mtu.

5. Namna ya kutengeneza

Menya mihogo, utupe maganda, maana sumu ni nyingi katika maganda. Itie katika maji, yaifunike yote. Iache siku tatu kamili. Mahali pa baridi, kama milimani, ongeza siku ya nne au ya tano. Usihesabu siku peke yake. Jaribu kwa kidole. Kidole kikiingia bila nguvu mpaka ndani, mihogo ni tayari. Kama katikati pangali pagumu, rudisha majini.

Halafu toa nyuzi, osha kwa maji safi, vunja vipande vidogo, anika juani mpaka ikauke kabisa. Usianike chini udongoni. Anika juu ya mkeka au juu ya kitanda cha miti.

Usitie mihogo mahali watu wanapoteka maji ya kunywa. Chimba shimo lako upande wa chini wa mto, au tumia pipa.

6. Ukiwa na unga usioujua

Pengine umenunua unga sokoni, nawe hujui ulikaa majini siku ngapi. Iko njia moja rahisi, iliyovumbuliwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Wanawake wa kijiji cha Kay Kalenga, katika Kwango, walianza kuifuata mwaka wa 2010, na wakati wote wa kazi ile hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo kijijini.

Tia unga mkavu katika bakuli, uusawazishe, uweke alama ndani ya bakuli pale unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo, huku unakoroga. Kwanza unga utashuka, halafu utapanda. Ukifika tena penye alama, acha kutia maji. Mwaga unga ule uliolowa juu ya mkeka au lungo, uutandaze wembamba, usipite sentimeta 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu inaondoka na upepo. Kisha songa bukari kama desturi, siku ileile; unga uliolowa usiulaze mpaka kesho.

Kazi hii haitaki dawa wala mashini. Inataka mkeka na saa chache.

7. Bukari haipendi kuwa peke yake

Mwili una nguvu ya kuharibu sumu kidogo inayobaki, lakini unahitaji kitu kiitwacho salfa. Mwili unakipata katika samaki, nyama, mayai, maharagi na karanga. Mtu anayekula bukari na chumvi tu anaunyima mwili silaha yake. Sombe ni mboga nzuri, lakini uitwange vizuri na kuipika sana, maana majani nayo yana sumu. Tena haitoshi peke yake.

Nunua chumvi yenye iyodi. Sumu ya mihogo inazidisha uvimbe wa shingo mahali pasipo na iyodi ya kutosha, kama waganga walivyoona zamani katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu.

8. Anza shambani

Panda maharagi au karanga kati ya mistari ya mihogo. Utavuna kitoweo kabla ya mihogo kukomaa, na udongo utapata nguvu. Chagua vipande vya kupanda katika mashina yenye majani mazuri. Majani yakiwa na madoa ya manjano na kujikunja, shina lile lina ugonjwa, nawe utaupanda ugonjwa pamoja nalo. Panda pia mihogo mitamu karibu na nyumba. Siku ya njaa, ng'oa ile kwanza, huku ile michungu inamaliza siku zake majini.

Shika maneno haya

Siku tatu majini, wala si moja.
Kidole kiingie mpaka ndani.
Unga usioujua, ulowe na kutandazwa kwanza.
Bukari iende na maharagi au samaki.
Mtoto akianza kukanyaga kwa vidole, mpeleke kwa munganga siku ileile, na nyumba nzima ibadili chakula, asije akapatwa mwingine.

Gari la mnunuzi litarudi tena juma lijalo. Miguu ya mtoto hairudi.