Paa Likivunjika, Kagua Msingi

Katika gemu za kujinusuru, ambamo mchezaji hukata miti na kujijengea makao porini, kosa la ujenzi mara nyingi huonekana mbali na mahali lilipotendeka. Kipande cha paa huvunjika mara tu kinapowekwa. Mchezaji hukigeuza, hukisogeza, hukirudisha, kisha huilaumu gemu. Nashikilia kwamba mara nyingi kipande hicho hakina hatia, na kwamba uchunguzi wenye manufaa huanzia ardhini na kupanda juu.

Valheim, gemu iliyotolewa Februari 2021 na kampuni ya Iron Gate ya Uswidi, inatoa ushahidi ulio wazi kuliko nyingine ninazozijua. Ukishika nyundo na kuielekeza kwenye kipande kilichokwisha kuwekwa, kipande hicho hubadilika rangi. Kilichokaa ardhini huwa buluu. Kadiri unavyopanda, rangi huwa kijani, manjano, ya chungwa, hatimaye nyekundu, na ukijaribu kuendelea baada ya hapo kipande huvunjika papo hapo. Kila kiungo hupunguza uimara, na kwa mbao, kutanda kwa upande huupunguza haraka kuliko kupanda wima. Ndiyo maana ukumbi mpana usio na nguzo katikati hukosa paa, ilhali mnara mwembamba wa mbao zilezile husimama. Jiwe hupanda vizuri lakini haliwezi kuvuka pengo pana. Boriti ya mbao iliyotiwa chuma hufika mbali kuliko ya mbao tupu. Kwa hiyo paa jekundu halitibiwi kwa kubadilisha vipande vya paa. Hutibiwa kwa nguzo inayoshuka hadi chini, au kwa kuondoa nguzo dhaifu na kusimamisha ya mti mgumu au ya chuma mahali pake.

Mafundi wa mjengo kati ya Ruiru na Thika, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, wanaishi na kanuni hii kila siku. Maeneo mengi huko, hasa upande wa Juja, yana udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Fundi makini huuchimba na kuuondoa mpaka afikie tabaka gumu ndipo aanze msingi. Mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine yawe mazuri kiasi gani, yakipangwa juu ya udongo huo ukuta utafanya nyufa. Na ufa ukitokea juu ya dirisha, kuuziba kwa plasta ni kuuficha tu. Fundi anayejua kazi huuliza kwanza msingi ulichimbwa hadi wapi.

Mtu anaweza kupinga kwamba gemu si uhandisi. Ni kweli, na tofauti yenyewe ni kubwa. Valheim haihesabu uzito: jaza makasha ya mawe juu ya sakafu dhaifu, nayo haitatikisika. Jengo halisi halina huruma hiyo. Septemba 2022, jengo lililokuwa likijengwa Kirigiti, katika Kaunti hiihii ya Kiambu, liliporomoka na kuua watu. Mwanafunzi wa uhandisi pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, hana budi kupiga hesabu za uzito, upepo na udongo ambazo gemu imeziacha. Lakini kilichorahisishwa ni hesabu. Njia ya mzigo, kipande hadi kipande mpaka ardhini, imebaki ileile, na mchezaji anayeifuata hatakosea chanzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kipande kikikataa hata kabla ya kuwekwa? Hapo tatizo ni jingine kabisa, na ni muhimu kuyatenganisha mawili haya. Kinachowekwa kisha kikavunjika kimekosa uimara. Kinachokataa kuwekwa kimekosa ruhusa au nafasi: katika Valheim huenda benchi la kazi liko mbali, kwani duara lake hufika mita 20 hivi kutoka lilipo, na katika gemu ya Rust huenda kabati la vifaa la jirani ndilo linalomiliki eneo hilo. Kuna pia vipande visivyokutana kileleni. Hivi hunasa kwenye pembe za vile vya chini yake, kwa hiyo safu ya kwanza ikipinda kidogo tu, pengo litajitokeza juu kabisa. Katika Valheim, kushikilia kitufe cha Shift ili kuzima kunasa huko kutakusaidia kulifunika pengo, ila mpindo utabaki palepale. Fundi huuzuia mapema kwa vigingi, kamba na pimamaji, kabla jiwe la kwanza halijalazwa.

Basi usibomoe paa kwanza. Shika nyundo, shuka nayo kutoka kipande chekundu ukisoma rangi, na pale manjano inapoanzia simamisha nguzo inayofika ardhini.