Fugwe la miwa: Kuvu yenye sura mbili inayokula faida ya mkulima

MKULIMA wa miwa wa Kilombero au Mtibwa akiona mjeledi mweusi umechomoza kwenye kilele cha muwa, ajue hasara imekwisha kuingia shambani. Huo ni ugonjwa wa fugwe, ulioripotiwa kwanza Natal, Afrika Kusini, mwaka 1877. Shina hutoa miwa myembamba kama nyasi, na unga mweusi wa mjeledi hupeperushwa na upepo hadi kwa jirani.

Kuvu inayoleta fugwe ina maisha ya namna mbili. Kwanza huishi kama hamira: seli moja moja zinazochipuana, ambazo peke yake haziwezi kuushambulia muwa. Seli mbili za jinsi tofauti zikikutana, huungana na kugeuka uzi mrefu. Uzi huo ndio unaopenya kwenye jicho la pingili.

Ndiyo maana watafiti huupima mgeuko huo. Huchanganya jinsi zote mbili, hudondosha tone kwenye sahani yenye chakula cha kuvu, kisha husubiri siku mbili au tatu. Tone likibaki laini, kuvu bado ni hamira. Likiota manyoya meupe, imegeuka nyuzi. Kwa darubini huhesabu seli. Tuseme kati ya seli 200, zilizogeuka ni 150: hiyo ni asilimia 75. Ikitiwa dawa zikageuka 20 tu, ni asilimia 10.

Hapo mkulima na muuza pembejeo wawe macho. Dawa iliyofaulu kwenye sahani haijafaulu shambani mpaka ijaribiwe kwenye miwa yenyewe, msimu baada ya msimu.

Tupige hesabu. Muwa hupandwa mara moja ukavunwa mara kadhaa. Ekari ya tani 30 ikipoteza sehemu moja ya kumi, ni tani 3. Kwa mavuno manne ni tani 12, na kwa kawaida fugwe huzidi kila miwa inapochipua upya. Mbegu ya bei poa kutoka shamba lenye fugwe ni ghali mno.

Kwa hiyo panda aina zinazostahimili fugwe. Nunua pingili safi, zilizolowekwa kwenye maji ya nyuzijoto 50 kwa saa 2. Ukiona mjeledi, uvishe mfuko kwanza ndipo uukate, kisha ng'oa shina lote ulichome moto.