Umenunua shangingi London? Haya ndiyo ya kujua kabla ya kuliingiza kwenye tope

Na Mwandishi Wetu, London

Pita Kenton Road siku yoyote saa watoto wanapotoka shule, utayaona yamejipanga: Range Rover, Discovery, Land Cruiser, X5 na mengineyo. Waingereza huyaita kwa kejeli "matrekta ya Chelsea", yaani magari yaliyoundwa kwa ajili ya mashamba na milima lakini kazi yake kubwa ni kupeleka watoto shule na kubeba mifuko ya sokoni. Sisi tunayaita mashangingi.

Kenton, mtaa wa kaskazini magharibi mwa London uliogawanyika kati ya halmashauri za Harrow na Brent, una watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki. Zipo familia za Kihindi zilizotoka Kenya na Tanzania, na zile zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Tupo pia sisi tuliokuja baadaye kusoma na kubeba boksi. Mbongo au Mkenya anayenunua shangingi huku mara nyingi ana mawazo mawili kichwani: alitumie hapa kwa muda, kisha alisafirishe nyumbani.

Hapo ndipo penye mtego. Gari linaloruhusiwa kutembea London bila faini na gari litakalodumu kwenye barabara ya vumbi ya Namtumbo au Marsabit si lazima liwe gari moja. Na hata ukilipata linalofaa kote kuwili, foo wili bila ujuzi inakufikisha mbali zaidi tu kabla ya kukwama. Ndugu msomaji, kama umelinunua juzi au unakaribia kulinunua, yapitie haya.

Hesabu za London kwanza

Tangu Agosti 29, 2023, eneo la ULEZ, yaani la kudhibiti hewa chafu, limefika mitaa yote ya London, Kenton ikiwemo. Gari lisilokidhi viwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea, usiku na mchana, isipokuwa sikukuu ya Krismasi. Usipolipa, faini ni pauni 180, nusu yake ukiwahi ndani ya siku 14. Ukiliendesha siku tano kwa wiki, mwaka mzima umetumia pauni 3,250 kabla ya kununua hata lita moja ya mafuta.

Kwa kifupi, gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Euro 4, ambacho kwa kawaida ni magari yaliyosajiliwa kuanzia 2006. La dizeli linatakiwa Euro 6, kwa kawaida kuanzia Septemba 2015. Usikisie. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, jibu litakuja pale pale.

Angalia pia kodi ya barabara. Gari lililosajiliwa kuanzia Machi 23, 2006 hadi Machi 2017, lenye moshi wa zaidi ya gramu 255 kwa kilomita, hulipiwa zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. Pacha wake aliyesajiliwa wiki chache kabla ya tarehe hiyo hulipiwa kiasi cha chini zaidi. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ile V5C, isome kabla ya kupeana mkono na muuzaji.

Historia ya ukaguzi wa MOT nayo hupatikana bure kwenye tovuti ya serikali. Utaona maili zilivyopanda mwaka hadi mwaka na kasoro zilizorudiwa. Ukiona neno kutu limejitokeza kwenye chasisi miaka mitatu mfululizo, huo si uchakavu wa kawaida. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inakula chuma taratibu, na rangi mpya ya juu haiponyi kitu. Lala chini, angalia kwa tochi.

Dizeli ya kisasa haipendi safari fupi

Dizeli za Euro 6 zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi hulijua kwa herufi DPF. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha huyachoma lenyewe bomba likipata moto wa kutosha. Safari ya dakika kumi kutoka nyumbani hadi shuleni haitoshi. Matokeo yake chujio linaziba, taa inawaka, gari linapoteza nguvu na bili ya gereji inakuja.

Dawa yake ni rahisi: angalau kila wiki mbili litoe, uende nalo M1 au M40 kwa nusu saa kwa mwendo wa kutosha. Usikubali fundi wa mtaani akushauri kulitoa chujio. Tangu Februari 2014 gari lililokuja na chujio hilo likikutwa halina, linafeli MOT.

Sasa fikiria nyumbani. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 kwa milioni mwaka 2015, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini injini za Euro 6 zimetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi 10. Ongeza maji na uchafu wa mafuta ya kwenye madumu huko vijijini, utaelewa kwa nini wengi wenye safari za mbali nyumbani bado wanapenda petroli au injini za zamani zisizo na mambo mengi. Ukipeleka dizeli mpya, peleka na filta za mafuta za akiba, na mfundishe dereva kumwaga maji yanayojikusanya chini ya filta.

Foo wili yako ni ya aina gani?

Si kila gari refu ni la porini. RAV4, Freelander na X-Trail ni magari mazuri na yamejaa Dar na Nairobi, lakini hayana seti ya gia nzito. Hayo yanatosha kwa tope jepesi, si kwa korongo.

Magari kamili ya porini yana gia nzito, ambazo mara nyingi huandikwa 4L. Ukiziweka, mwendo unapungua karibu nusu au zaidi na nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa kiasi hicho. Hizo ndizo za kupandia mlima wenye mawe na, muhimu zaidi, za kushukia. Kwenye mteremko mkali weka 4L na gia ya kwanza, elekeza gari moja kwa moja chini, acha injini ilizuie. Ukikanyaga breki kwa nguvu magurudumu yanajifunga na gari linageuka ubavu.

Jua pia kama foo wili yako ni ya kudumu au ya kuchomeka. Land Rover Discovery huvuta kwa magurudumu yote wakati wote. Hilux nyingi na Land Cruiser za kazi huchomekwa foo wili pale inapohitajika. Za kuchomeka usiziache kwenye foo wili ukiwa kwenye lami kavu, kwani shafti na difu hukazana hadi kuvunjika. Vivyo hivyo kufunga difu: funga kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kuzama, na ufungue ukitoka.

Na hili lishike: foo wili inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kwenye barafu ya London au tope la Iringa, shangingi la tani mbili na nusu linateleza kama Vitz, tena kwa kishindo kikubwa zaidi. Kimo chake nacho hulifanya lipinduke kirahisi, hasa ukirundika mizigo juu ya paa.

Upepo wa matairi

Kama kuna jambo moja linalotofautisha mzoefu na mgeni, ni upepo. Kwenye mchanga mlaini, punguza upepo hadi kati ya 15 na 20 kwa kipimo cha psi. Tairi linatandazika, linapata eneo kubwa la kukanyaga na halichimbi. Kwenye barabara ya changarawe yenye mabati-mabati punguza kidogo, gari litatulia na shokapu zitapona. Ukipunguza, tembea polepole na usikate kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kukimbia. Kwa hiyo beba kipimo cha upepo na pampu ya umeme inayochomekwa kwenye gari.

Mashangingi mengi ya London yamevaa rimu kubwa za inchi 20 au 21 na matairi membamba ya mbavu. Yanapendeza Kenton, lakini shimo moja la Kibiti linatosha kupinda rimu. Ukitaka kulipeleka nyumbani, tafuta rimu ndogo kadiri breki zako zinavyoruhusu, na hakikisha tairi la akiba ni la saizi kamili.

Maji hayana adabu

Desemba 4, 2021, huko Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya na ndugu waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya mto Enziu yaliyofunika daraja. Likasombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa basi zima, zito kuliko shangingi lolote.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, ya foo wili yakiwemo. Discovery 3 na 4 zimeundwa kuvuka maji ya hadi sentimita 70, lakini kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia na chini pakiwa pagumu. Kama maji yanakwenda kasi, kama huoni chini, au kama huwezi kuyavuka kwa miguu, subiri. Mito mingi ya kwetu hujaa ghafla na kupungua baada ya saa chache.

Yakiwa yametulia, ingia taratibu kwa gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea haraka, usibadilishe gia katikati. Injini ikizimika ndani ya maji usiiwashe tena. Maji yakiingia kwenye silinda, jaribio moja la kuwasha linapinda vyuma vya ndani, na hapo unazungumzia injini mpya. Ukitoka, kanyaga breki mara kadhaa zikauke.

Kukwama si aibu

Ukiona magurudumu yanazunguka bila kusogea, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko unachimba kaburi. Beba koleo, mbao mbili au vibao maalumu vya kukanyagia, ubao wa kuwekea jeki, na kamba ya kunasulia. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoungwa kwenye chasisi, kamwe isiwe kwenye ile tufe ya kuvutia tela. Tufe hiyo ikikatika inaruka kama risasi na imeshaua watu. Wote wasiohusika wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba.

Mazoezi unaweza kuyafanya huku huku Uingereza. Kuna viwanja vya kulipia vya kuendeshea porini, na kuna njia za mashambani ambazo sheria inaruhusu magari. Angalia ramani kwanza, kwani njia za miguu na za farasi haziruhusiwi, na baadhi ya sehemu za njia ya kale ya Ridgeway hufungwa kwa magari msimu wa baridi.

Kabla ya kulipakia melini

Kwanza, liwe lako kweli. Gari ulilochukua kwa mkopo bado ni mali ya kampuni ya mkopo, na kulisafirisha kabla ya kumaliza deni ni kosa. Kama umelinunua kwa mtu, lipia ripoti ya kuangalia deni na wizi. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia magari ya kifahari yaliyoibwa huku hadi Uganda, ishara ya kifaa kilichofichwa ndani ya Lexus moja ikiwaongoza. Funguo zako nazo zihifadhi usiku kwenye kifuko cha kuzuia mawimbi, maana wezi wa sasa hawavunji kioo, wanainasa ishara ya funguo kupitia mlangoni.

Pili, umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda hairuhusu lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania inapokea, lakini inaongeza ushuru wa asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililopita hapo. Sasa lile Discovery la dizeli la 2008 linalouzwa bei ya kutupa kwa sababu ya ULEZ, umeliona? Mombasa halishuki, Kampala haliingii, na Dar es Salaam utalilipia zaidi. Bei ya kutupa ina sababu zake.

Tatu, fanya hesabu ya ushuru kabla ya kununua. TRA ina kikokotoo kwenye tovuti yake chenye thamani zake yenyewe, kwa hiyo usitegemee risiti yako ya bei poa. Kenya, KEBS hutaka gari likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Na DVLA wajulishe kwa kujaza sehemu ya V5C ya kusafirisha gari moja kwa moja nje. Utarudishiwa kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki. Sehemu nyingine za V5C zibaki nazo, zitahitajika bandarini.

La mwisho: huenda atakayeliendesha nyumbani si wewe, bali kaka, mjomba au dereva wa kukodi, na kitabu cha gari kiko kwa Kiingereza. Mwandikie kwa Kiswahili ukurasa mmoja tu: aina ya mafuta, upepo wa matairi, lini kuweka 4L, kina cha mwisho cha maji, na namba ya fundi anayelijua gari hilo. Ubandike ndani ya kiboksi cha mbele kabla funguo hazijaondoka mikononi mwako.