Baridi ya Kipupwe na Miguu ya Mpanda Baiskeli

Mwezi wa sita na wa saba sisi tunaokaa nyanda za juu za kusini, huko Njombe, Makete na Mbeya, twaijua baridi. Asubuhi kuna ukungu, na mahali pengine umande huganda juu ya majani. Wakati huohuo vijana wetu hupenda kushindana kwa baiskeli. Kijana hutoka nyumbani na kaptura na fulana, hungoja kipyenga akitetemeka, na katika mita 200 za mwisho miguu hukataa. Wenzake humcheka kwamba ni mvivu. Huenda si uvivu, bali baridi imeingia katika misuli.

Baridi hufanya nini?

Nguvu ya msuli hutokana na kazi za kikemia zinazofanyika ndani yake. Msuli ukipoa, kazi hizo huenda polepole, kama asali ya asubuhi isiyomiminika mpaka ipate jua. Hata amri ya ubongo husafiri taratibu zaidi katika mishipa ya fahamu.

Mwaka 1987 mtaalamu Anthony Sargeant alieleza jaribio lake. Watu walizamisha miguu majini kwa dakika 45, kisha wakakanyaga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zao zote kwa sekunde 20. Baada ya maji ya nyuzi 44 za Selsiasi, nguvu yao ya juu iliongezeka kwa asilimia 11 hivi kuliko siku waliyokaa chumbani tu. Baada ya maji ya nyuzi 18 ilipungua kwa asilimia 12, na baada ya maji ya nyuzi 12, kwa asilimia 21. Tena kadiri pedali zilivyozunguka upesi, ndivyo baridi ilivyowaumiza zaidi. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni mkimbiaji wa mbio fupi.

Hewa nayo ina lake. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kuliko ile ya nyuzi 30 kwa asilimia 7 hivi, na mpanda baiskeli huisukuma kwa kifua chake.

Ndiyo maana katika Olimpiki ya London mwaka 2012 timu ya Uingereza ilivaa suruali zenye betri za kupasha mapaja joto wakati wa kungoja zamu. Sisi hatuna suruali hizo, lakini blanketi na vitenge tunavyo.

Hatari zake

Kushindwa mbio si neno. Hatari ni msuli baridi kulazimishwa ghafla, kwani huweza kuchanika, na kijana akakaa wiki kadhaa bila kwenda shamba wala shule kwa miguu. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki vizuri mteremkoni. Na mwenye pumu akivuta hewa baridi na kavu kwa nguvu, kifua huweza kumbana.

Wazazi, tufanye nini?

1. Kijana apashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15: aendeshe polepole, kisha aongeze mwendo kidogo kidogo, na amalize kwa mbio fupi mbili au tatu.

2. Akisha kupata joto, asikae wazi kungoja. Avae suruali ndefu na kujifunika blanketi mapajani mpaka karibu na kuanza.

3. Afunike mikono na masikio. Gazeti chini ya shati huzuia upepo kifuani. Waendesha baiskeli wa zamani walilitumia sana.

4. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, na aitumie kama daktari alivyomwagiza.

5. Asinywe ulanzi wala pombe kali "kupata joto". Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi. Mtu hujisikia moto huku mwili ukipoteza joto. Uji wa moto au chai vyatosha.

6. Akimaliza, abadili fulana iliyolowa jasho mara moja.

Nao waandaaji wa mashindano tunawaomba jambo moja: kwa nini mbio zianze saa moja asubuhi? Jua likishapanda, saa nne hivi, barabara ni ileile na zawadi ni ileile, ila vijana wetu watarudi nyumbani wazima.