Kidonda cha Moto Kimefunga, Lakini Mkono Haunyooki

Katika familia nyingi, mtoto aliyeungua kwa uji, chai au maji ya moto huhesabiwa amepona siku kidonda kinapofunga. Bandeji hutolewa na safari za hospitali hukoma. Kumbe ni katika miezi inayofuata ndipo kiungo huweza kukakamaa na kujikunja, hata mtoto ashindwe kunyoosha kiwiko, kuinua mkono au kugeuza shingo.

Chanzo chake ni namna mwili unavyojiponya. Kidonda kilichozama hufungwa kwa kovu lenye nyuzi nyingi za kolajeni, na chembe hai zilizomo huzivuta nyuzi hizo ili kingo za kidonda zikaribiane. Mvuto huo hauishi kidonda kinapofunga. Huendelea kwa miezi mingi, pengine kupita mwaka. Kovu likiwa juu ya kiungo, hukikunja. Misuli na kano zisizonyooshwa nazo hufupika. Kwa mtoto shida huongezeka, kwa kuwa mifupa yake hukua ilhali kovu halinyumbuki kama ngozi.

Tena, mgonjwa hupenda kukunja kiungo kwa sababu maumivu hupungua, na mlezi kwa huruma humwacha akae hivyo. Lakini mkao wa starehe ndio mkao wa kukakamaa. Kwa hiyo aliyeungua mbele ya shingo asilazwe juu ya mto. Aliyeungua kwapani, mkono utengwe na ubavu. Aliyeungua mbele ya kiwiko au nyuma ya goti, kiungo kilazwe kimenyooka. Wataalamu wa fiziotherapia hufunga gango la kukishikilia kiungo, na humfundisha mzazi kukinyoosha taratibu mara kadhaa kwa siku, baada ya dawa ya maumivu aliyoagiza daktari.

Kiungo kilichokwisha kujikunja huweza kufunguliwa kwa upasuaji: daktari hukata kovu, kisha hupandikiza ngozi au kuhamisha ngozi ya jirani. Hata hivyo, bila gango na mazoezi baadaye, kovu huvuta tena.

Wapendwa, Jumuiya zetu Ndogo Ndogo huwatembelea wagonjwa nyumbani. Tumwonapo mtoto anayeficha mkono uliokunjamana, tusimwambie mama yake avumilie tu. Tumchangie nauli ya kumrudisha hospitalini, hata kama kidonda kilifunga zamani.